Uzi: Bakteria amekutwa ndani ya mtoto wa farasi. Je, ndiye aliyemuua?

#1 ZamuYaUsiku

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimesoma jukwaa hili la mifugo miaka mingi bila kuandika. Leo naanzisha uzi. Utakuwa mrefu na utakuja kwa vipande, maana naandika nikiwa kazini, kati ya mzunguko mmoja wa mabanda na mwingine.

Kazi yangu ni kukesha na farasi wenye mimba. Nipo Lexington, Kentucky, Marekani. Ukitoka tu nje ya mji ni uzio wa mbao na majani mabichi, shamba baada ya shamba, na mengi ni ya farasi wa mbio. Waswahili tupo wengi hapa, hasa ndugu zetu kutoka Kongo, na baadhi yetu tumejikuta mabandani. Farasi hupenda kuzaa usiku, watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo kuanzia Januari hadi Juni lazima pawe na mtu macho, na hapa tulipo mtu huyo ni mimi.

Nataka tuzungumze kuhusu mimba za farasi zinazoharibika na watoto wanaokufa siku ya kwanza au ya pili, na namna bakteria wanaohusika wanavyotambuliwa. Nimeamua kuandika kwa sababu hapa jukwaani ng'ombe wa mtu akitupa mimba, jibu la kwanza ni "brusela hiyo, chinja", yaani ule ugonjwa wa bakteria wa kutupa mimba, au "piga sindano ya OTC", ile dawa ya kuua bakteria. Mambo niliyoyaona huku yamenionyesha kwamba kumkuta bakteria ndani ya mtoto aliyekufa ni jambo moja, na kujua kilichomuua ni jambo jingine kabisa.

Nianze na usiku wangu mwenyewe.

Februari 2020, shamba ambalo sitalitaja. Kulikuwa na jike aliyebakiza kama mwezi mmoja. Farasi hubeba mimba karibu siku 340, miezi 11 hivi. Huyu alikuwa amejaza kiwele mapema na maziwa yalishaanza kumdondoka wiki nzima. Niliuliza, nikaambiwa huyu kawaida yake huwahi. Saa tisa usiku akazaa. Mtoto alikuwa amekonda, mbavu unazihesabu, kilo 27 kwenye mizani wakati mwenzake wa kawaida hufika 50 hivi. Kilichonishangaza, alisimama na kutafuta titi kama mtoto aliyetimia. Baadaye nilielezwa kwamba mimba ikisumbuliwa polepole kwa wiki nyingi, mtoto huharakisha kukomaa akiwa tumboni. Anakuwa kama mtu anayefungasha mizigo akisikia nyumba inaungua.

Alikufa usiku uliofuata.

Zalio nililiburuta hadi kwenye lundo la samadi, kama nilivyoonyeshwa na walionitangulia. Asubuhi daktari alikuja, akatazama kiwele cha mama, akaniuliza swali moja: "Kondo la nyuma liko wapi?" Tulikwenda pamoja. Mbweha walishapita. Alisimama pale mbele ya lundo muda mrefu, kisha akaandika kwenye daftari lake neno ambalo sijalisahau: haijulikani.

Itaendelea, nina jike wa banda la mwisho anageukageuka.

#2 Mama_Arumeru

Pole sana mwanangu, na asante kwa kuandika. Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa sita. Mwaka jana wawili walitupa mimba ya miezi saba. Zalio tulichimbia chini siku ileile kwa kuwa tuliambiwa ni uchafu. Kumbe nilifukia majibu yangu. Endelea, niko hapa nasoma.

#3 Mchambuzi_Huru

Mkuu kwa heshima zote, hawa ni farasi wa mabilionea. Huku kwetu anayefuga farasi ni nani? Naona tungejadili mbuzi.

#4 Punda_wa_Amu

Ndugu Mchambuzi, huku Lamu magari tunayahesabu kwa vidole, mizigo yote iko juu ya punda. Punda na farasi ni ndugu. Punda wangu alizaa mtoto mfu mwaka juzi baada ya kubeba mwaka mzima. Nilipoteza mtoto na miezi ya kazi ya mama. Mwache mwenye uzi aendelee, mimi namsikiliza kwa masikio mawili.

#5 ZamuYaUsiku

Nimerudi. Ametulia, lilikuwa tumbo tu.

Mama, usijilaumu, nami nilifanya hivyohivyo. Ndugu wa Amu, nitakufikia.

Wiki mbili baada ya yule wa kwanza, jike mwingine wa mabanda yaleyale alizaa mtoto mdogo, safari hii akiwa hai na mwenye nguvu kidogo. Zalio nililiweka kwenye ndoo safi yenye mfuniko, mbali na joto. Daktari alipofika alilimwaga kwenye sakafu ya saruji iliyooshwa, akalitandaza likakaa kama herufi F: mwili mmoja na pembe mbili, moja ndefu ambamo mtoto alikuwa amelala, nyingine fupi. Alilipima kwanza. Zalio la kawaida huwa kama asilimia 11 ya uzito wa mtoto. Likizidi sana, kuna uvimbe.

Halafu akanifundisha kulisoma.

Upande ule unaokaa kwenye mlango wa kizazi, alisema, ndiko wanakoingilia bakteria wengi. Wanapanda kutoka nje, kutoka ukeni, wanaupita mlango na kuanza kula zalio kuanzia hapo. Majina yao ni ya kila siku kwa watu wa maabara: Streptococcus zooepidemicus, E. coli, Klebsiella, Pseudomonas. Ukikuta sehemu hiyo imekuwa nene, imebadilika rangi, umeshapata nusu ya jibu kabla ya darubini.

Lakini zalio hili lilikuwa safi hapo. Ugonjwa ulikuwa kwingine kabisa, pale pembe inapoungana na mwili. Palikuwa na bamba la ukubwa wa sahani, limepoteza ile mahameli nyekundu inayoshikana na mji wa mimba, na juu yake umelala ute mzito wa kahawia, kama uji wa ulezi uliopoa. Daktari alisema jina bila kusubiri maabara: nokadiofomu.

Hawa ni kundi la bakteria wanaokua kama nyuzi zenye matawi, jamaa wa wale wanaoishi udongoni. Kentucky walianza kuonekana miaka ya 1980, na wakati huo hawakuwa hata na majina. Mtu wa maabara aliona nyuzi zenye matawi kwenye kioo cha darubini, akaandika "kama nokadia" na kuishia hapo, kwa kuwa hawakufanana na spishi yoyote iliyokuwa vitabuni. Ilibidi kusubiri hadi wasomewe vinasaba. Mwaka 2002 mmoja akapewa jina Crossiella equi. Mwaka 2003 wakafuata watatu wa jenasi Amycolatopsis: kentuckyensis, lexingtonensis na pretoriensis. Ndiyo, huyo wa mwisho ni Pretoria ya Afrika Kusini, kwa kuwa huko nako alikutwa kwenye zalio la farasi. Kwa hiyo anayesema haya ni mambo ya Marekani tu, atazame jina.

Sasa hapa ndipo uzi wangu unapoanza hasa. Tunamjua kwa jina, tunamjua kwa vinasaba, kipimo cha PCR, kile kinachotafuta vinasaba vyake, kinamwona hata asipoota kwenye sahani ya maabara. Lakini watafiti walipochukua Crossiella na kujaribu kuwaambukiza farasi wenye mimba kwa makusudi, ugonjwa haukutokea kama unavyotokea mashambani. Kuna miaka unapita kama moto, 2011, 2017, 2020, na kuna miaka anaonekana mmoja mmoja. Wameona miaka mibaya inafuata majira ya kiangazi makavu. Yaani bakteria peke yake hatoshi. Kuna kitu kinamfungulia mlango.

#6 Kasongo_LEX

Jambo ndugu zangu. Miye pia niko Lexington, nafanya kazi ya farasi toka 2015. Ile mwaka 2020 naikumbuka. Patron wetu alitupa ndoo kila banda, akasema zalio hata moja lisiende inje bila muganga kuliona. Wazee wa kazi hapa wanasema hiyo desturi ilitoka kwa mwaka 2001. Ndugu Zamu, waambie ya 2001, ile ya vidudu vya kwenye miti.

#7 ZamuYaUsiku

Asante Kasongo, ndiko nilikokuwa naelekea. Mimi 2001 sikuwepo, lakini ukifanya kazi hapa utasimuliwa tu, kama vile sisi tunavyosimuliana mvua za El Niño za 1997.

Masika yao ya mwaka 2001. Machi ilikuwa baridi, Aprili ikaja na joto la ghafla, kisha katikati ya Aprili ikaanguka baridi kali ya usiku mmoja mmoja, halafu joto tena. Mwishoni mwa mwezi madaktari wanaopima mimba changa kwa ultrasaundi wakaanza kuona jambo lisiloelezeka: vijusi vya siku sitini, themanini, vilivyokuwa hai wiki iliyopita, sasa vimekufa, na maji yaliyovizunguka yamechafuka. Shamba hili, shamba lile, watu wasiofahamiana. Wakati huohuo mimba zilizokaribia kuzaliwa zikaanza kutoka na kile tunachokiita mfuko mwekundu. Zalio linabanduka kabla ya mtoto, linatangulia likiwa zima na jekundu, na usipolipasua kwa dakika chache mtoto anakosa hewa. Waliotoka hai walikuwa dhaifu, wamekauka maji, wengi hawakufika siku ya nne.

Kwenye maabara ya uchunguzi ya Chuo Kikuu cha Kentucky, magari ya mizigo yalipanga foleni yakiwa yamebeba mizoga midogo. Hadi msimu unaisha ilikuwa maelfu ya mimba, na hasara ya mwaka ule ilikadiriwa karibu dola milioni 336.

Maabara ikafanya kazi yake. Wakaotesha sampuli kutoka kwenye mapafu, kwenye matumbo, kwenye zalio. Na bakteria wakaota! Wengi walikuwa aina za Streptococcus, siyo wale wakali wanaoyeyusha damu kwenye sahani ya maabara, bali wapole. Waliofuata ni Actinobacillus. Kitovu kilikuwa kimevimba, kimejaa chembe za usaha, kizito na cha rangi ya manjano.

Jiweke mahali pa mwenye shamba. Umepoteza watoto 20. Unaambiwa bakteria amepatikana. Si ungeshusha pumzi? Ungesema basi, tumempata, leteni dawa.

Waliokuwa na busara walisita, na sababu zao nazipenda sana. Ya kwanza, bakteria hawa ni wenyeji wa mdomo na utumbo wa farasi mzima. Ukimfungua mdomo farasi mwenye afya ukampangusa kwa pamba, utawaotesha hao hao maabara. Ya pili, walikuwa aina zaidi ya moja. Ugonjwa wa kuambukiza ukilipuka, kwa kawaida unamkuta bakteria mmoja kila mahali. Hapa kila mzoga ulikuwa na mchanganyiko wake. Ya tatu, mashamba yaliangamia kwa wiki zilezile, yakiwa hayashiriki dume, wala maji, wala wafanyakazi. Maambukizi yana mwendo wake, hutoka hapa yakaenda pale. Hili liliangukia wote kwa pamoja.

Kwa hiyo swali likawa lingine. Siyo "nani yumo ndani ya mtoto", bali "nani aliyewaruhusu wenyeji wa mdomoni kufika tumboni".

Narudi baada ya mzunguko wa saa nane.

#8 Mama_Arumeru

Usingizi umenitoka. Endelea tafadhali.

#9 ZamuYaUsiku

Wote wazima.

Dhana zilikuwa nyingi. Wapo waliosema ni sumu ya ukungu kwenye majani. Wapo waliosema ni sumu ya sianidi, kwa kuwa mashamba yamejaa mti mmoja unaoitwa mcheri mweusi, na majani yake yakinyauka hutoa sumu hiyo. Wapo walioshuku nyasi zenyewe. Lakini kulikuwa na jambo ambalo kila mtu alilitazama na hakuna aliyelipa uzito: mwaka ule viwavi walikuwa wengi kupita kiasi. Ni viwavi wenye manyoya, kwa kitaalamu Malacosoma americanum. Wanajenga hema jeupe la hariri kwenye matawi ya huo mcheri, wanakula majani hadi mti unabaki uchi, kisha wanashuka kwa maelfu, wanatambaa juu ya uzio, kwenye hori, ndani ya maji ya kunywa. Watu walikuwa wanawafagia.

Takwimu za mashamba zilipokusanywa, walioumia zaidi ni waliokuwa na viwavi wengi malishoni. Hiyo peke yake siyo ushahidi, maana palipo na viwavi pana mcheri pia. Ndiyo maana mwaka 2002 wakafanya jaribio lenyewe: farasi wenye mimba wakapewa viwavi. Wakatupa mimba. Na ndani ya vijusi wakakutwa bakteria walewale.

Wakaendelea kuchambua. Kinyesi cha viwavi? Hapana. Matumbo ya viwavi? Hapana. Ngozi ya nje, ile yenye manyoya? Ndiyo. Hata nguruwe wenye mimba walipolishwa viwavi walitupa mimba, na kwenye kuta za utumbo wao wakakutwa vipande vya manyoya vimejichoma, kila kimoja kimezungukwa na kidonda kidogo.

Maelezo ambayo watafiti wengi wameyakubali ni haya: manyoya yana ncha kali, farasi anayala pamoja na majani, yanatoboa ukuta wa utumbo, na kila tundu ni njia. Bakteria wa kawaida wanaingia kwenye damu. Farasi mwenyewe ana kinga, anawamaliza bila hata homa. Lakini ndani ya mfuko wa mimba kinga ni kama haipo, hasa kwenye maji yanayomzunguka mtoto. Mbegu moja ikidondoka humo, inaota. Mwaka huohuo wa 2001 kulikuwa na farasi waliovimba mfuko wa moyo, na wengine waliopofuka jicho moja tu, siyo mawili. Wanaoikubali dhana hii wanasema hata hayo yanaelezeka. Kipande cha unywele kimesafiri na damu, kikaishia kilipoishia.

Na msidhani ni Kentucky tu. Mwaka 2004 huko New South Wales, Australia, mashamba ya farasi yalipata vifo vinavyofanana, na baada ya miaka ya utafiti kidole kikaelekezwa kwa kiwavi wa huko, aina nyingine kabisa, anayetembea kwa msururu. Bakteria waliokutwa nao walikuwa mchanganyiko wa wa kawaida.

Kinga iliyopatikana haikutoka kwenye chupa ya dawa. Ni kukata micheri karibu na malisho, kuharibu mayai ya viwavi wakati wa baridi, na kuwatoa majike malishoni viwavi wanaposhuka. Hebu fikirieni kama wangeridhika na lile jibu la kwanza la maabara. Wangekuwa wanapiga viuavijasumu hadi leo na viwavi wanatambaa pembeni.

#10 Daktari_Kihonda

Habari wakuu. Mimi ni daktari wa mifugo, nipo Morogoro. Mwenye uzi ameeleza vizuri sana na naomba niongeze machache ya kitaalamu, maana naona wengi wataondoka hapa wakitaka kuchukua sampuli.

Bakteria kuota kwenye sahani siyo kesi. Zalio lililoburuzwa kwenye kinyesi litaotesha kila kitu kilichomo duniani, na majibu yatakuja na majina matano yasiyo na maana. Sampuli ninayoiamini kuliko zote ni maji ya tumbo la mtoto aliyekufa. Mtoto akiwa tumboni humeza maji yanayomzunguka, kwa hiyo tumbo lake ni kama chupa iliyofungwa, imehifadhi kilichokuwemo humo kabla ya dunia kukigusa. Yakivutwa kwa sindano safi na kuotesha bakteria mmoja kwa wingi, na bakteria huyohuyo akaota kwenye mapafu na kwenye zalio, na chini ya darubini mahali hapo pana uvimbe, hapo naanza kusema tumempata. Lazima vitu hivyo viongee lugha moja. Vipande vya kuotesha viwekwe kwenye ubaridi, visigandishwe. Vya darubini viwekwe kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza. Na mama atolewe damu.

Pia msisahau kwamba si kila mimba inayotoka ni ya bakteria. Kwa farasi kuna kirusi cha herpesi ambacho watafiti wa hapohapo Kentucky walikitambua kama chanzo cha kutupa mimba tangu miaka ya 1930. Kuna pacha, kuna kitovu kujisokota. Na brusela, ambayo sisi tumeiita "ugonjwa wa kutupa mimba" hadi jina limeganda, kwa farasi ni nadra kuleta hilo. Yenyewe kwa farasi hujulikana zaidi kwa majipu ya mgongo, pale juu ya mabega.

La mwisho naliandika kwa herufi kubwa, mnisamehe: VAENI GLAVU. Novemba 2014 huko Wagga Wagga, Australia, wanafunzi na wafanyakazi wa chuo cha mifugo walishika zalio la farasi mmoja, na watano kati yao wakaugua. Alikuwa Chlamydia psittaci, bakteria tuliyemzoea kama wa kasuku. Kabla ya hapo ni wachache waliofikiria kumtafuta kwenye farasi. Kisha maabara zikafungua friji zao na kupima sampuli za zamani za farasi waliotupa mimba, hadi za mwaka 1994, wakamkuta. Alikuwepo miaka yote, ila hakuna aliyeuliza.

#11 Mchambuzi_Huru

Dokta na mwenye uzi, nafuta kauli yangu ya juu. Naomba kuuliza kwa dhati. Mtoto aliyezaliwa mzima, akanyonya, kisha akafa siku ya pili, naye anahesabiwa humu? Mbuzi wangu wananifanyia hivyo.

#12 ZamuYaUsiku

Karibu sana mkuu, swali zuri.

Anahesabiwa. Wengine wameambukizwa tumboni na wanatoka wakiwa tayari wanaumwa. Wengine wanaambukizwa baada ya kuzaliwa, kwa kitovu au kwa mdomo. Na hapa farasi, mbuzi na ng'ombe wako mtumbwi mmoja. Mwanamke humpa mtoto kinga kupitia kondo akiwa tumboni, lakini kondo la wanyama hawa ni nene, kinga haipiti. Mtoto anazaliwa hana askari hata mmoja. Askari wote wako kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, na utumbo wake unawapokea kwa muda wa siku moja tu. Baada ya hapo mlango unajifunga, hata akinywa ndoo nzima anapata chakula, hapati kinga.

Ndiyo maana yule jike aliyedondosha maziwa wiki nzima kabla ya kuzaa alikuwa ananionyesha matatizo mawili kwa mpigo: zalio linaumwa, na dang'a inamwagika chini. Sasa nikiona hivyo naamsha daktari usiku huohuo. Mtoto akizaliwa anapewa dang'a ya akiba kutoka kwenye friji, na kesho yake anapimwa damu kuona kinga imefika miligramu 800 kwa desilita. Ikiwa chini ya hapo, wanamwongezea.

Bakteria anayependa sana watoto wasiopata dang'a ni Actinobacillus equuli. Mtoto anasinzia, haamki kunyonya, viungo vinavimba, anakwenda. Mnaona ni jamaa wa yule wa 2001? Mwenyeji wa mdomo wa mama yake mwenyewe. Mama anamlamba mtoto kwa mapenzi, na yumo. Kumlaumu bakteria hapa ni bure kama dang'a haikuingia kwa wakati.

#13 Punda_wa_Amu

Na punda je? Mimi wangu alibeba hadi mwisho, mtoto akatoka mfu na zalio lilichelewa kutoka hadi jioni.

#14 ZamuYaUsiku

Ndugu yangu wa Amu, hilo la zalio kuchelewa hadi jioni ni dharura, kwa farasi na kwa punda vilevile. Linatakiwa liwe limetoka ndani ya saa tatu. Kipande kikibaki ndani, mama anaweza kuoza mji wa mimba na kupata ugonjwa wa kwato hadi ashindwe kusimama. Siku nyingine saa hizo tatu zikipita tu, mwite daktari. Na likitoka, lihesabu: mwili mmoja, pembe mbili, na ncha ya ile pembe fupi iwepo. Ndiyo hukatika ikabaki ndani.

Punda wana bakteria wao pia. Kuna Taylorella asinigenitalis, aliyepewa jina mwaka 2001 baada ya kukutwa kwa punda dume hapa Kentucky na California. Ni ndugu wa yule Taylorella equigenitalis aliyeitikisa Newmarket, Uingereza, mwaka 1977, majike wakawa hawashiki mimba na maabara haioteshi kitu. Hakuota kwa sababu anataka chakula chake, damu iliyopashwa moto, na hewa yenye kaboni dayoksaidi nyingi. Walipompa alivyotaka, akajitokeza. Nakutajia hili kwa sababu ukipeleka sampuli lazima useme ni ya mnyama gani, mimba ya miezi mingapi, na umeona nini kwenye zalio. Mtu wa maabara anatafuta kile alichoambiwa akitafute.

#15 Kasongo_LEX

Ndugu Zamu, yule mutoto wa pili wa 2020 alipona?

#16 ZamuYaUsiku

Alipona, Kasongo. Alibaki mfupi mwaka wa kwanza, kisha akawafikia wenzake. Mama yake msimu uliofuata alifuatiliwa kila mwezi kwa ultrasaundi, wakipima unene wa mji wa mimba na zalio kwa pamoja. Ukiwa chini ya milimita 8 kwenye mwezi wa kumi, watu wanalala. Alizaa salama, zalio kilo tano na nusu, safi pembe zote mbili. Nililitandaza mwenyewe saa kumi alfajiri na kulipiga picha.

#17 Mama_Arumeru

Narudi kwenye uzi baada ya wiki tatu. Ng'ombe wangu wa tatu ametupa mimba Jumatano, miezi sita. Safari hii nilivaa glavu, nikaweka zalio na kitoto kwenye ndoo yenye barafu, kijana akapeleka maabara ya mifugo ya kanda siku ileile. Damu pia ilichukuliwa. Leo wamenipigia. Brusela hakuna. Wameotesha bakteria mmoja kwa wingi kwenye tumbo la kitoto na kwenye zalio, jina lake Bacillus licheniformis. Wanasema ni wa kawaida kwenye mazingira. Sasa mwanangu, nifanye nini na jina hili?

#18 Daktari_Kihonda

Mama, hongera, hilo ni jibu la maana kuliko unavyodhani. Ng'ombe wako wanakula nini miezi hii?

#19 Mama_Arumeru

Silaji, yale malisho ya kuvundika. Ni ya mahindi tuliyofunga mwezi wa sita. Turubai lilichanika upande mmoja, kuna sehemu imeota ukungu lakini tunaitoa kwa mkono.

#20 ZamuYaUsiku

Mama, huenda bakteria huyo ametokea humo humo kwenye silaji iliyoharibika. Acha kuwalisha leo hii, wote wenye mimba. Piga picha pale lilipochanika uitume hapa, na dokta atakwambia kipande gani cha kupeleka maabara.